Mvua ya Ororo Haijafika Isiolo

Katika jarida la Giant-Size X-Men nambari 1, lililotoka Marekani mwaka 1975, kuna kurasa chache ambazo mtu wa Isiolo akizisoma lazima atabasamu. Nchi imekauka. Wanakijiji wanamlilia mwanamke mwenye nywele nyeupe kama pamba, wanayemwabudu kama mungu. Mwanamke anapaa, anainua mikono, mawingu yanakusanyika na mvua inashuka papo hapo. Maandishi yanasema hii ni Kenya, basi. Ni Kenya gani, msomaji ajaze mwenyewe. Muda si mrefu anatokea mzee mwenye kipara kwenye kiti cha magurudumu, Profesa Xavier, anamweleza bibi huyo kwamba yeye ni binadamu tu aliyezaliwa na kipawa, kisha anamchukua kwenda Marekani. Mvua ikaondoka naye.

Bibi huyo ni Ororo Munroe, anayejulikana zaidi kwa jina lake la kazi, Storm. Waliomtunga ni mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Baadaye Chris Claremont, aliyeandika X-Men kwa miaka mingi, akamtafutia ukoo. Mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Baba yake, David Munroe, ni mpiga picha wa magazeti kutoka Marekani. Wote wawili wakafa Cairo mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, na mtoto akalelewa na wezi wa mitaani kabla ya kutembea kwa miguu hadi Serengeti. (Kwamba Serengeti iko Tanzania ni jambo ambalo halikuwakosesha wahariri wa New York usingizi.) Ukiongeza filamu, ambamo Halle Berry alianza kumwigiza mwaka 2000, huenda hakuna Mkenya wa kubuni anayejulikana duniani kumshinda Ororo.

Sasa ana jarida lake mwenyewe. Oktoba 2024 kampuni ya Marvel ilianza mfululizo uitwao Storm, ulioandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil. Ayodele si mgeni katika kazi hii; mwaka 2023 yeye na mwenzake Dotun Akande walimaliza I Am Iron Man. Mwafrika amepewa kalamu kumwandika shujaa wa Kiafrika katika kampuni kubwa ya Marekani, na kwa hilo pekee jarida lilistahili kusomwa hata huku ambako hakuna duka linaloliuza.

Toleo la kwanza linaanza kwa kishindo. Mtambo wa nyuklia umelipuka Oklahoma City, Ororo anashuka kuokoa watu, na katika vumbi hilo anagundua kwamba chanzo ni kijana mwenye kipawa kama chake, ambaye nguvu zake zilimtoka bila kutaka. Hapo ndipo ufundi wa Ayodele unapoonekana. Mwandishi mvivu angeleta adui mwenye meno marefu. Yeye analeta swali: watu waliopoteza jamaa zao waambiwe ukweli, huku jamii ya wenye vipawa tayari inachukiwa, au afiche ili kuwalinda wenzake? Ororo anasema ukweli, na analipa. Toleo linapoisha msomaji anajua kwamba mionzi imeshamwingia mwilini. Katika vibanda vya video watoto huapa kwamba stelingi hafi. Huyu anaugua tangu toleo la kwanza, na ugonjwa wake unatisha kuliko ngumi yoyote.

Werneck anachora vizuri, tena vizuri mno. Radi yake inaumiza macho, nywele za Ororo zinatembea kama kitu chenye uhai, na rangi za Alex Guimarães zinafanya hata moshi utamanike. Lakini kila mtu ni mrembo, na kila mkao ni wa jalada. Katikati ya janga la nyuklia watu wanaonekana kama wamekuja kupigwa picha za harusi. Matoleo yanayofuata nayo yanapanda juu, juu zaidi, hadi kwenye nguvu za ulimwengu zenye majina makubwa kama Eternity, na msomaji aliyekuja kwa sababu ya kijana wa Oklahoma anaachwa chini akiangalia visigino vya hadithi ikipaa.

Na Kenya je? Makao ya Ororo yanaelea juu ya jiji la Atlanta. Kenya imebaki kuwa kitu cha kwenye wasifu, kama vile mtu anavyoandika shule ya msingi aliyosoma.

Hapa ndipo malalamiko ya safu hii yalipo, na ni malalamiko ya mpenzi wa vibonzo. Shujaa anapodaiwa ametoka mahali, mahali hapo lazima paonekane kwenye uamuzi wake. Paonekane katika namna anavyoogopa, anavyokula, anavyosalimia wakubwa. Kwa miaka 50 Ororo amebeba Kenya kama muhuri wa pasipoti.

Chukua jina lenyewe. Wasomaji wa X-Men huelezwa kwamba Ororo maana yake ni uzuri. Mswahili akilisikia anafikiria kitu laini, kama udongo mwororo au ngozi nyororo, na hapo uzuri si mbali sana, tuwape alama nusu. Tatizo ni kwamba mwandishi wa sasa anatoka Nigeria, na kwa Wayoruba ororo ni mafuta ya kupikia. Jina la mama, N'Dare, lina ule mkato ambao Marvel huunyunyizia Waafrika kama chumvi: T'Challa, M'Baku, N'Jadaka. Hata hivyo Isiolo haiwezi kuucheka sana mkato huo, kwa maana jirani zetu Wameru wanao kweli. M'Baku angeingia soko la miraa asubuhi, akadhaniwa ni mzee wa Tigania, na angeulizwa tu leo bei ni ngapi.

Wakanda nayo iko jirani. Black Panther alizaliwa kwenye Fantastic Four nambari 52, Julai 1966, mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby, na nchi yake imehamahama kwenye ramani tangu hapo. Lakini katika filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016, ramani inayoonyeshwa kwenye taarifa ya habari inaipachika kando ya Ziwa Turkana. Kwa hiyo anayetoka Nairobi kwenda Wakanda kwa barabara atapitia Isiolo, anywe chai hapa, apande gari la Marsabit, kisha akate kushoto kuelekea Loiyangalani. Ajabu ni kwamba akifika atakuta wenyeji wanasema Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, huku wamevaa shanga ambazo mbunifu Ruth Carter alizitolea mfano kwa Wamaasai na Waturkana. Carter alipata Oscar kwa mavazi hayo mwaka 2019. Waturkana wa Ngaremara, hapa hapa Isiolo, walipata sifa.

Mwaka huo huo wa 1966 dunia ilimpata shujaa mwingine, na huyu alilelewa Isiolo kwelikweli. Filamu ya Born Free ilimtangaza Elsa, mtoto wa simba aliyekuzwa na Joy na George Adamson tangu 1956, wakati George alikuwa askari wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini na makazi yake yakiwa hapa. Inachekesha kidogo na kuuma kidogo kwamba mhusika maarufu kuliko wote aliyetoka Isiolo ana miguu minne, na hakuna hata neno moja alilosema.

Haki itendeke pia. Liko toleo moja la zamani lililokaribia. Mwaka 1985, katika Uncanny X-Men nambari 198, Claremont na mchoraji Barry Windsor-Smith walimrudisha Ororo Afrika akiwa amepoteza nguvu zake zote. Hawezi kuita hata ukungu. Anatembea kwenye nyika kavu kwa miguu, anakutana na binti mjamzito aitwaye Shani, na wanafika kijiji kilichokaukiwa ambako mzee Mjnari anamweleza jinsi misaada na mitambo ya wageni ilivyoiharibu ardhi badala ya kuiponya. Mtoto anazaliwa hapumui, na Ororo, mwanamke aliyewahi kuamrisha tufani, anabaki na pumzi yake tu ya kumpulizia. Windsor-Smith anaichora nyika bila kuipamba. Mistari ni myembamba, jua halina huruma, nyuso zimechoka. Ni kurasa bora kuliko zote za Ororo.

Halafu zinajikwaa. Mjnari anajitoa kufa kwa sababu eti kijiji kinaweza kubeba roho kadhaa tu, mtoto akija mzee aondoke. Mzee wa Kiborana wa Waso akisimuliwa mila hiyo atauliza ni ya watu gani, kisha ataomba chai nyingine. Katika ukame mzee ndiye maktaba. Ndiye anayekumbuka kisima gani kilichimbwa na ukoo upi, na njia gani ya ng'ombe ilifungwa mwaka gani. Kijiji hakimpunguzi ili kubana matumizi.

Kwa sababu watunzi hawakuijua mvua, hawakujua pia hadithi iliyomo ndani yake. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini mwa Kenya bila mvua ya maana. Ganna, mvua ndefu ya Waborana, ilikataa; hagaya, mvua fupi, ikakataa. Watu hawakumpigia magoti mwanamke wa mawinguni. Waislamu walitoka viwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, makanisa yakafanya ibada, wazee wakabariki. Kisha mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mvua yote ya miaka mitatu kwa wiki chache, ikasomba mbuzi waliosalimika na kukata barabara. Mtu aliyekuwa anaomba maji Machi alikuwa juu ya paa Novemba. Sasa mwambie huyo kwamba shujaa ni yule anayeinua mikono ikanyesha. Atakuuliza: inyeshe kiasi gani, na wapi, na nani atalipa?

Lipo pia suala la mto. Ewaso Nyiro unatelemka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, unapita Laikipia, unafika Archer's Post, unaelekea Merti hadi kinamasi cha Lorian. Kiangazi kikikaza, mashamba ya juu yanavuta, na huku chini mto unageuka mchanga. Adui wa hadithi ya Isiolo hana pembe wala joho. Ana pampu. Pengine hata si mtu mbaya; ana mkopo benki na maua ya kupeleka uwanja wa ndege. Msuko kama huo Ayodele angeuweza sana, maana ndio ule ule wa Oklahoma: mkosaji ambaye huwezi kumchukia moja kwa moja.

Basi nani aandike? Kenya haikosi wachoraji, wala vibonzo havikuja jana. Juha Kalulu, mjinga wa Edward Gicheri Gitau, alianza kuchekesha watu miaka ya 1950 na akawa mwenyeji wa Taifa Leo kwa miongo. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe jijini Nairobi. Hirst huyo huyo akaja kutoa Pichadithia miaka ya 1980, vijitabu vya rangi vilivyochukua visa vya kale na kuviweka kwenye fremu. Miongoni mwao kuna Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, ambaye mikuki ilimdunda hadi mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba uhai wake umo kivulini. Mwili usiopenyeka, siri moja, mwanamke mpelelezi: Lee na Kirby wangelipa pesa nzuri kwa msuko huo. Na Isiolo ina kijiji kinachoitwa Kula Mawe. Jina limekaa tu pale njia ya Garba Tulla likimsubiri mtunzi.

Tanzania ilikuwa na Sani, na humo akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, wa Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Ilikuwa na Kingo wa James Gayo. Ukiwapanga wote hawa mstari mmoja, kitu kinajitokeza. Kiswahili kwenye vibonzo kilipewa kicheko: juha, mlevi, mjanja wa mjini, mume anayekimbizwa na mwiko. Upanga na miujiza vikabaki zaidi kwa Kiingereza. Pichadithia nyingi zilikuwa kwa Kiingereza. Akokhan, hadithi ndefu ya viumbe wasiokufa aliyoichora Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi, ilikuwa kwa Kiingereza pia. Odoi aliuawa na ajali ya matatu Aprili 2012, na kurasa za magazeti yetu hazijapata mwingine wa kumweka msomaji roho juu wiki nzima.

Mtu asiseme lugha haitoshi. Willy Gamba wa A. E. Musiba amekuwa akirusha risasi kwa Kiswahili safi tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa akamfuata. Ushahidi mkubwa zaidi umo kwenye vibanda vya video. DJ Afro amechukua filamu za Marekani, India na Hong Kong, akaziwekea sauti juu, akawapa mashujaa majina ya mtaani, akaeleza hasira zao na njaa yao na mapenzi yao kwa Kiswahili cha Kenya kinachokimbia kuliko picha. Watu wanaojua Kiingereza vizuri kabisa hulipa kiingilio kumsikiliza yeye. Wakati mwingine filamu ni mbovu na masimulizi ndiyo filamu. Kazi hiyo ndiyo ambayo hakuna aliyeifanyia ukurasa wa vibonzo.

Shujaaz walikaribia. Jarida hilo lilianza Februari 2010, chini ya Well Told Story ya Nairobi, likaandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, laki kadhaa kila mwezi, ndani ya Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Stelingi wake, DJ Boyie, ana miaka 19, amemaliza shule, hana kazi, na ana redio ya siri chumbani mwake. Hana misuli wala joho. Nguvu yake ni mtambo wa kurushia matangazo alioutengeneza mwenyewe. Mwaka 2012 jarida lilishinda Emmy ya kimataifa, likashinda tena 2014.

Kisa chao kilichosemwa sana ni cha vifaranga. Mwewe wanawamaliza vifaranga kijijini, na dawa inayotolewa ni kuwapaka rangi kali ili mwewe asitambue kwamba ni chakula. Ukitazama ukurasa wenyewe unaelewa kwa nini ulishika. Tone la manyoya ya rangi ya bazoka linatembea uani nyuma ya mama yake wa kawaida, kama mtoto aliyevalishwa nguo za sikukuu siku ya Jumanne. Unacheka kwanza. Baadaye, ukiwa na kuku, unaanza kujiuliza rangi inauzwa wapi. Kisa kilifanya kazi kwa sababu ni ujanja wa sungura, ule tuliolelewa nao, na somo limefichwa ndani kama mbegu ya tende.

Lakini si kila mara lilifichwa. Ukisoma Shujaaz nyingi kwa mfululizo unaanza kunusa mfadhili. Mwezi huu mbegu, mwezi ujao uzazi wa mpango, unaofuata uchaguzi wa amani. Kijana wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, ana masikio. Amehudhuria semina za kutosha, akapewa soda na fulana. Anapofungua kibonzo anataka mtu aruke kutoka juu ya lori la mafuta, siyo kuhamasishwa. Na hili lisemwe bila kuwadharau waliolianzisha, kwa maana ndilo jarida pekee la picha lililowahi kufika kona za nchi hii kwa wingi namna hiyo. Tatizo ni kwamba hapa kwetu raha tupu haina bajeti.

Wala jarida la Marvel si la mfuko wa Isiolo. Toleo moja huuzwa Marekani dola nne au tano. Hizo ni zaidi ya shilingi 500 kwa kurasa ishirini na kitu zinazokwisha kabla chai haijapoa, na hapo nauli ya kulileta bado. Maduka ya vitabu hapa, kama ya miji mingi ya Kenya, yanaishi kwa vitabu vya shule. Kijana anayemfuata Ororo anamfuata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, picha ya kurasa mbili ikiwa imebanwa hadi radi ya Werneck inaonekana kama ufa mwingine wa kioo.

Gazeti ni kitu kingine. Linafika, na linafika kwa watu wengi kuliko nakala zake. Asubuhi liko hotelini, mtu mmoja akilisoma na wawili wakilichungulia begani. Mchana liko kwa kinyozi. Jioni limegawanyika: ukurasa wa michezo kwa mlinzi, wa matangazo ya kazi kwa kijana wa diploma, na uliobaki unafungia maandazi. Hakuna mfumo wa usambazaji wa vibonzo unaoshinda huo, na haugharimu mchapishaji hata senti ya ziada. Nusu ukurasa kila Jumamosi, kisa kimoja kirefu kwa Kiswahili kinachokatikia pabaya, kingesomwa kuanzia Isiolo hadi Moyale.

Malighafi zipo mlangoni. Waturkana wanamsimulia Lokerio, mwaguzi wa karne ya 19, aliyepiga maji ya Ziwa Turkana kwa fimbo yake, ziwa likagawanyika, wapiganaji wakavuka kwenda kuteka ngamia upande wa pili. Mtu anayesoma Biblia au Kurani atadhani anakijua kisa hicho, hadi afike kwenye ngamia. Musa alikuwa anatoroka. Lokerio alikuwa anakwenda kuiba. Hapo mtunzi anapata shujaa mwenye doa, na akitaka kuwa mwaminifu atageuza kamera, awaonyeshe pia wenye ngamia wakiamka asubuhi. Katika mji ambao wizi wa mifugo unazika watu hadi leo, kisa hicho hakiwezi kuchorwa kijinga.

Wasomali wana Arraweelo, malkia aliyewahasi wanaume, ambaye kwenye makaburi yanayosemekana kuwa yake wanaume hurusha mawe na wanawake huweka majani mabichi. Nani stelingi na nani adui? Inategemea nani anasimulia, mjomba au shangazi. Mchoraji mwenye akili angechora matoleo mawili. Nao Waoromo, Waborana wakiwemo, wana Akko Manoye, malkia aliyewaagiza watu mambo yasiyowezekana, kama kumjengea nyumba isiyogusa chini wala juu. Inafikirisha kwamba majirani hawa wawili, wanaogombania visima, wote wanaogopa malkia wa kale.

Yupo pia Dheg Dheer, jitu la kike la Wasomali linalokula watu, lenye sikio moja refu linalosikia nyayo kutoka mbali sana. Kwa kibonzo huyu ni zawadi, kwa kuwa sikio linachoreka. Anapolala limelegea chini kama mkia wa kondoo, na wasichana wawili wanapotoroka, kila fremu ina swali moja tu: sikio limesimama au bado? Hahitaji jiji la kubomoa. Kimya cha nyika usiku kinatosha, na kila mtoto wa kaskazini anajua kimya hicho kina sauti gani.

Onyo moja kwa wachoraji watakaojaribu. Kuna mtindo wa kumchukua shujaa wa kale, kumvalisha suti ya kubana yenye nembo kifuani, kumwekea misuli ya Kimarekani na kumwita wetu. Bango linapendeza ukutani. Hadithi, hata hivyo, haitembei, kwa sababu aliyevalishwa anaanza kufikiri kama nguo zake. Lokerio alikuwa mzee mwenye fimbo. Aachwe mzee, na aachiwe fimbo.

Mhariri atasema nafasi ni finyu na matangazo ndiyo yanayolipa mishahara. Ni kweli. Lakini Gicheri Gitau alikuwa akipewa nafasi wakati gazeti lina kurasa chache kuliko leo, na kuna watu wazima hadi sasa wanaokiri kwamba walijifunza kusoma Kiswahili wakimfuata Juha. Walimu watasema picha zinawafanya watoto wavivu. Wajaribu kumpa mtoto huyo mvivu fremu sita za Dheg Dheer, ya saba ikiwa wiki ijayo, kisha wamwombe asisome.

Ianze basi Jumamosi moja, rangi nyeusi na nyeupe, bila Emmy wala mfadhili. Sikio limelala. Wasichana wamevua viatu. Mmoja amekanyaga kijiti kikavu, na fremu inayofuata iko kwenye kipande cha gazeti ambacho muuza maandazi wa stendi ameshakikunja kuwa koni, mafuta yanaanza kupenya kwenye wino, na mteja wa tatu kwenye foleni anamwambia, dada, hebu hiyo karatasi usiitumie kwanza.